Kompyuta ya zamani na alama mpya ya sarafu: uchague njia ipi?

Nchi ikizindua alama mpya ya sarafu yake, wachoraji wa mabango huimaliza kazi kwa wiki moja. Kompyuta iliyonunuliwa miaka kumi iliyopita haina wepesi huo. Unatumiwa ankara kwa barua pepe, unaifungua, na pale palipotakiwa kuwa na alama pana kisanduku kitupu, au alama ya kuuliza, au takataka kama â‚¹. Watu husema tu "haisomeki", lakini hayo ni maradhi matatu, na dawa ya moja haitibu jingine.

Kisanduku ndicho chenye nafuu. Kompyuta imeitambua herufi, ila fonti haina mchoro wake. Ile takataka ya herufi tatu nayo inatibika: katika UTF-8, njia ya leo ya kuhifadhi herufi kama baiti, alama ya rupia ya India huandikwa kwa baiti tatu, E2 82 B9, na programu ya zamani imezisoma mojamoja kana kwamba ni herufi tatu zisizojuana. Baiti zenyewe zimefika salama. Iambie programu izisome kwa UTF-8 na alama inarudi. Alama ya kuuliza ndiyo msiba. Hapo kuna programu njiani iliyotakiwa kuihifadhi alama kwenye jedwali la herufi lisilo na nafasi yake, ikaitupa na kuweka ? badala yake. Ukisakinisha fonti mia baada ya hapo, utapata alama za kuuliza zenye sura mia.

Nimeanza na hayo kwa sababu alama ya sarafu ndani ya kompyuta ni vitu vitatu: namba, mchoro na kitufe. Namba hutolewa na Unicode, kiwango cha kimataifa cha kuzipa herufi namba, nayo ni moja dunia nzima: euro ni U+20AC, rupia ya India U+20B9, lira ya Uturuki U+20BA, rubli ya Urusi U+20BD. Mchoro umo ndani ya fonti. Kitufe kimo kwenye mpangilio wa kibodi. Ipo njia inayotengeneza vyote vitatu, zipo zinazotengeneza kimoja au viwili na kuishia hapo, na ipo inayokuonyesha mchoro huku ikidanganya kuhusu namba. Hii ya mwisho ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayopendwa.

Sasisho la mtengenezaji wa mfumo

Kama mfumo wako umo kwenye orodha ya ile ambayo mtengenezaji ameitolea sasisho, anza hapa. Serikali ya India iliidhinisha alama ya rupia tarehe 15 Julai 2010, mchoro wa Udaya Kumar. Oktoba ya mwaka huohuo Unicode 6.0 ikaipa namba, na mwaka 2011 Microsoft ikatoa sasisho KB2496898 kwa ajili ya Vista na Windows 7. Ukishalisakinisha, fonti kadhaa za mfumo zinapata mchoro, na kwenye kibodi ya Kiingereza cha India unabonyeza AltGr (Alt ya kulia) na 4, alama inatoka. Namba ni halali, mchoro upo, kitufe kipo. Lira ya Uturuki, iliyotangazwa Machi 2012, ilipita njia hiyohiyo, tena kwa haraka: toleo la Unicode 6.2 la Septemba 2012 lilitolewa kwa ajili ya alama hiyo moja tu.

Kasoro yake ni kwamba si wewe unayeamua. Windows XP ilikuwa bado imejaa maofisini mwaka 2011, lakini sasisho la rupia halikuigusa. Rubli ndiyo iliyopishana nayo kwa karibu zaidi. Benki Kuu ya Urusi iliidhinisha alama tarehe 11 Desemba 2013, Unicode 7.0 iliyoibeba ikatoka Juni 2014, na XP ilikuwa imeachwa rasmi tarehe 8 Aprili 2014. Miezi miwili tu, na mlango umefungwa.

Tena usidhani sasisho la alama moja haliwezi kudhuru. Agosti 2014 Microsoft ilitoa mkupuo wa masasisho, mojawapo likiwa KB2970228 lililoleta alama ya rubli. Baadhi ya kompyuta zikaanza kugoma kuwaka, skrini ya buluu yenye kosa 0x50, na siku chache baadaye kampuni ikawashauri watu wayaondoe masasisho manne, hilo likiwamo. Tiba ilihusisha kufuta faili la fntcache.dat, ambamo Windows huweka akiba ya fonti zake. Fonti kwenye Windows za wakati huo zilikuwa zinashughulikiwa na kiini cha mfumo, kwa hiyo kasoro ya fonti haikuishia kwenye herufi mbaya. Nakala ya mafaili yako kwanza, sasisho baadaye, hata kama linachobadilisha ni kialama kimoja.

Kwenye Linux mambo ni mepesi zaidi. Fonti ni kifurushi kama vifurushi vingine, na mpangilio wa kibodi ni faili la maandishi. Mashine ya zamani isiyoweza kubeba toleo jipya la mfumo mara nyingi hubeba fonti mpya bila kunung'unika.

Fonti yenye namba halali

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa kompyuta iliyokwisha kuachwa. Unapakua fonti iliyotengenezwa baada ya alama kupata namba yake, unaisakinisha, basi. Noto Sans na DejaVu Sans ni za bure na zote mbili zina rupia, lira na rubli. Hazibadilishi mafaili ya mfumo, na zisipokupendeza unazifuta.

Umepata mchoro na namba. Kitufe huna, ila kitufe kina njia nyingi za kukizunguka. Katika Word, kuanzia toleo la 2002, andika 20B9 kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja: tarakimu zinageuka ₹ mbele ya macho yako. Anayeandika alama mara hamsini kwa siku atachoka nayo haraka, kwa hiyo mtegeshee usahihishaji otomatiki: akiandika neno fupi alilolichagua, programu inaweka alama. Na akitaka kitufe chenyewe, Microsoft ina programu ya bure ya kutengeneza mpangilio wa kibodi, Keyboard Layout Creator, inayofanya kazi hata kwenye XP. Unachukua mpangilio uliozoea, unaipachika alama kwenye AltGr na kitufe utakacho, unauhifadhi kwa jina jipya. Ni kazi ya robo saa, na inahamishika kwenye kompyuta nyingine zote za ofisi.

Udhaifu wake utauona kwenye programu za zamani. Programu ya kisasa ikikosa herufi kwenye fonti moja hutafuta kwenye nyingine kimyakimya. Ya zamani haisumbuki. Ankara yako iko kwa Arial ya mwaka 2001, Arial hiyo haina ₹, basi utaona kisanduku ingawa Noto Sans imekaa palepale kwenye folda ya fonti. Inabidi uichague alama peke yake na kuibadilishia fonti. Matokeo yake alama huonekana nene kidogo au nyembamba kidogo kuliko tarakimu zinazoifuata. Mimi hilo halinisumbui. Mwenye jicho la mchapaji litamsumbua, naye atabadilisha fonti ya ankara nzima.

Fonti ya kinyago

Julai 2010, rupia ilipoidhinishwa, watu hawakutaka kusubiri Unicode. Kampuni moja ya Mangalore ilitoa fonti ya bure iliyoenea haraka sana. Mbinu yake: mchoro wa alama mpya ulipachikwa kwenye nafasi ya `, ile alama ya kitufe kilicho juu ya Tab ambacho wengi hawajawahi kukigusa. Unachagua fonti hiyo, unabonyeza kitufe hicho, rupia inatokea. Kwa siku zile, alama ikiwa haina namba bado, sina ugomvi nao. Hapakuwa na njia nyingine ya kuiandika.

Tatizo ni kwamba mbinu hiyo haikufa alama ilipopata namba, na kila sarafu mpya huizalia mdogo wake. Itazame kwa karibu. Kwenye skrini ya mwandishi panaonekana:

₹4,500

Kilichohifadhiwa ndani ya faili ni:

`4,500

Mpelekee mtu asiye na fonti hiyo, naye ataona ule mkwaruzo mbele ya tarakimu na kudhani ni uchafu. Nakili kiasi hicho, ukibandike kwenye barua pepe, kinyago kinavuka. Tafuta ₹ kwenye hati ya kurasa arobaini, utaambiwa haipo hata moja. Msomaji asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea skrini, hatasikia neno rupia popote. Niliwahi kuletewa lahajedwali la miaka mitatu lililojaa vinyago vya namna hii, nikaambiwa niweke alama halali. Kubadilisha ` zote kwa mkupuo kulionekana rahisi, mpaka nikakuta kuna safu nyingine ambamo mtu alikuwa akiitumia ` kama kistari cha juu kwenye majina. Ikabidi nipite safu kwa safu.

Kinyago kina binamu yake mwenye adabu kidogo. Unicode imeacha eneo la matumizi binafsi, U+E000 hadi U+F8FF, ambamo yeyote anaweza kuweka mchoro wake bila kumnyang'anya mwingine nafasi. Saudi Arabia ilizindua alama ya riyali tarehe 20 Februari 2025, na namba yake, U+20C1, ikaja na Unicode 17.0 Septemba ya mwaka huo. Katika miezi ile saba ya katikati, fonti za eneo binafsi ziliwasaidia wenye tovuti waliotaka kuionyesha alama mara moja. Hapo hudanganyi kwamba herufi moja ni nyingine. Unasema tu jambo ambalo nje ya fonti yako hakuna anayelielewa.

Nini matumizi halali ya kinyago basi? Kitu kitakachochapishwa kwenye karatasi na faili lake kutupwa: bango, kibandiko cha bei, kadi. Karatasi haina namba za herufi. Zaidi ya hapo, kikatae hata kama aliyekuletea ana haraka.

Kubadilisha jedwali la herufi

Njia hii ni ya mitambo ambayo Unicode haijawahi kuifikia: programu za DOS, mashine za malipo, printa za risiti. Huko herufi zote ni 256, nafasi zimejaa, na anayeingia lazima amtoe mtu. Euro ndiyo iliyofundisha somo hili. Ilianza kutumika kwenye vitabu vya hesabu tarehe 1 Januari 1999, noti na sarafu zikaja tarehe 1 Januari 2002, kwa hiyo kompyuta zilipewa miaka mitatu ya kujipanga, na kila upande ulijipanga kivyake. Windows iliiweka kwenye nafasi ya 80 kwa hesabu ya kumi na sita, ambayo ilikuwa wazi, ndiyo maana Alt na 0128 huitoa mpaka leo. Apple, katika Mac OS 8.5, iliitoa ile alama ya jumla ya sarafu, ¤, na kuikalisha euro. Kwa upande wa DOS, jedwali la 850 lilitolewa ı isiyo na nukta, likapewa euro na jina jipya la 858. ISO nayo ikatoa 8859-15, mrithi wa 8859-1 aliyebadilishiwa herufi nane.

Herufi nane si nyingi, lakini miongoni mwa zilizotolewa mlikuwa na ¼, ½ na ¾. Chukua orodha ya bidhaa iliyoandikwa kwa jedwali la kale, ifungue kwenye mashine iliyohamia 8859-15, na "½ lita" inakuwa "œ lita". Umeipata euro, umepoteza nusu. Kinyume chake, faili la 8859-15 likisomwa kwa 8859-1, kila € inageuka ¤, na msomaji hajui ni sarafu gani anayodaiwa.

Kwa hiyo usibadilishe jedwali la kompyuta nzima kwa ajili ya alama moja. Libadilishe pale panapochapishwa tu. Printa za risiti zinazofuata amri za Epson hupokea amri ya kuchagua jedwali, na kwa euro ni jedwali namba 19, ndilo hilo 858. Programu inatuma amri, inatuma baiti ya D5, euro inatoka, kisha inarudi kwenye jedwali la kawaida. Kwa rupia au lira, ambazo majedwali hayo hayazijui, printa nyingi za aina hiyo hukuruhusu kuchora herufi yako mwenyewe: unaipa ramani ya nukta, kwa kawaida 12 kwa upana na 24 kwa urefu, na kuipachika kwenye herufi usiyoitumia. Ndiyo, ni kinyago hichohicho nilichokikataa hapo juu. Tofauti ni kwamba kinaishi ndani ya printa, kati ya programu na karatasi, na hakiingii kwenye faili lolote. Kumbuka tu kwamba herufi hiyo hukaa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukizimwa, kwa hiyo programu iitume upya kila inapoanza kazi.

Picha

Kwa ukurasa wa tovuti, picha ndogo ya alama itaonekana kwenye kivinjari chochote, hata cha kale. Haikuzwi vizuri, hainakiliki pamoja na bei, na ukibadilisha rangi ya maandishi yenyewe inabaki na ya zamani. Weka maandishi mbadala ndani yake na uitumie pale tu fonti iliposhindikana.

Kutoitumia alama kabisa

Hii haionekani kama njia, lakini kwa kumbukumbu za fedha naiweka juu ya zote. Kiwango cha ISO 4217 kimezipa sarafu misimbo ya herufi tatu tangu mwaka 1978: EUR, INR, TRY, RUB. Hakuna kompyuta iliyowahi kutengenezwa inayoshindwa kuandika I, N na R. Hazihitaji fonti, hazipotei njiani, hazigeuki takataka.

Pingamizi la kwanza huwa ni nafasi: "safu yetu ya sarafu ni ya herufi moja, iliwekwa kwa ajili ya $." Sawa, ila hesabu baiti. Katika UTF-8 alama ya dola ni baiti moja, lakini €, ₹, ₺ na ₽ kila moja ni baiti tatu, sawasawa na msimbo wake. Safu ya baiti moja italazimika kupanuliwa kwa vyovyote, na ukishaipanua, herufi tatu za kawaida zinaingia bila hatari yoyote.

Tena msimbo hauna utata. Kifupi cha Rs hutumika India, Pakistan, Nepal, Sri Lanka na Mauritius, na ipo hata alama yake kwenye Unicode, ₨, ambayo wengine huichukua wakidhani ndiyo rupia mpya. Siyo. Kosa kama hilo lipo kwa euro: U+20A0, ₠, ilikuwa alama ya fungu la sarafu za Ulaya kabla euro haijazaliwa, na anayetafuta kwa macho kwenye orodha ya alama anaweza kuiokota. Tafuta kwa namba, si kwa sura.

Kinachopungua ni mvuto. INR 4,500 kwenye tangazo inasomeka kama taarifa ya benki. Mteja anataka kuona alama aliyoizoea, na ana haki.

Ningemshauri nani achague nini

Mwenye Windows 7 anayehitaji rupia au lira, au mwenye Vista anayehitaji rupia: sasisho rasmi, baada ya kuhifadhi nakala. Akihitaji rubli kwenye mfumo huo, ningemwambia asakinishe fonti tu na aachane na sasisho, kwa sababu niliyoieleza. Mwenye XP au mfumo wa kale zaidi ya huo: Noto Sans au DejaVu, pamoja na mpangilio wa kibodi aliojitengenezea. Mwenye mashine ya risiti: jedwali la printa kwa euro, herufi ya kuchora kwa nyingine. Mwenye hifadhidata: msimbo wa herufi tatu ndani, na alama iwekwe na programu pale bei inapoonyeshwa tu. Ofisi yenye kompyuta za umri mchanganyiko, ambamo faili moja hupita mikono sita, nayo ibaki kwenye msimbo mpaka kompyuta kongwe kuliko zote ithibitishe kwamba inaiweza alama.

Kuithibitisha ni kazi ya dakika moja. Kwenye kompyuta hiyo kongwe fungua Notepad, bandika ₹ na bei yoyote, kisha hifadhi. Notepad ya miaka ile huhifadhi kwa ANSI, yaani jedwali la zamani la herufi la Windows, usipoiambia vinginevyo, kwa hiyo itakuonya kwamba faili lina herufi za Unicode zitakazopotea. Wengi hubonyeza OK bila kusoma. Bonyeza nawe safari hii, kwa makusudi, funga, fungua tena uone ile ? ilivyokaa mbele ya bei. Kisha rudia, safari hii ukichagua UTF-8 kwenye kisanduku cha chini kabla ya kuhifadhi. Ukiona alama, au hata kisanduku kitupu, herufi imepona na kilichobaki ni fonti. Ukiona alama ya kuuliza mara zote mbili, rudi kwenye chanzo ulichonakili: huenda ilikufa kabla haijakufikia.